Kuchimba Pamoja Kabla ya Kukata Mpaka: Mafuta na Gesi katika Bahari Zinazogombaniwa

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linashangaza: yawezekanaje mataifa mawili yanayogombania sehemu ileile ya bahari yakatia sahihi mkataba wa kuchimba mafuta pamoja mahali hapohapo, huku kila moja likiendelea kusema kwamba mahali hapo ni pake peke yake? Mfano tutakaoukazia macho ni wa Bahari ya Timor, kati ya Australia na Timor ya Mashariki, kwa sababu umepitia karibu hatua zote ambazo mkataba wa namna hiyo unaweza kupitia. Lakini msomaji wa Kongo ana sababu ya karibu zaidi ya kulifuatilia jambo hili. Nchi yetu kubwa hugusa bahari kwa pwani fupi ya kilomita 40 hivi, iliyobanwa kati ya Kabinda na sehemu nyingine ya Angola, na tangu mwaka 2007 ina mkataba wa aina hii na jirani huyo. Tutaufikia baada ya kuona yaliyowapata wengine.

Kwanza tuseme neno kuhusu istilahi, maana hapa majina yamebeba siasa. Mkataba wetu na Angola hutumia maneno ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuyafasiri kuwa “eneo la masilahi ya pamoja”. Mikataba ya Asia na ya Ghuba ya Guinea hupendelea kusema “eneo la uendelezaji wa pamoja”. Wako pia wanaoandika “eneo la pamoja” tu, na tafsiri hii tunaikataa, kwa kuwa inampa msomaji picha ya mali iliyokwisha kuwa na wenyewe wawili. Sivyo ilivyo. Mkataba wa namna hii hulikwepa kwa makusudi swali la mwenye mali. Unachosema ni kwamba wote wawili wana haja na kilichomo, na kwamba watakigawana kwa kiasi fulani, kwa muda fulani, kila mmoja akibaki na dai lake mfukoni. Kwa hiyo neno “masilahi” linatufaa kuliko “umiliki”. Ule mwendelezo wa nchi kavu chini ya maji, kabla sakafu haijaporomoka kwenye kina kirefu, tutauita sakafu ya bara.

Ugomvi wenyewe si wa kale sana. Kwa karne nyingi taifa la pwani lilijihesabia utepe mwembamba tu wa maji. Mwezi Septemba 1945 rais Truman wa Marekani alitangaza kwamba utajiri ulio katika sakafu ya bara iliyo mbele ya pwani za nchi yake uko chini ya mamlaka ya nchi yake, na wengine wakamfuata. Mkataba wa Geneva wa 1958 uliipa desturi hiyo sura ya sheria, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa sahihi Montego Bay mwaka 1982 na kuanza kufanya kazi mwaka 1994, ukalipa kila taifa la pwani haki ya mali za baharini hadi maili 200 za baharini, yaani kilomita 370 hivi. Matokeo yake yanaonekana kwa hesabu nyepesi: popote pwani mbili zinapotazamana kwa umbali usiofika maili 400, madai yatapandana. Vivyo hivyo kwa majirani waliokaa bega kwa bega.

Ingekuwa ni maji matupu, mataifa yangeweza kungoja. Lakini mafuta na gesi hutembea ndani ya mwamba kufuata msukumo. Katika nchi za Maziwa Makuu wazee hunywa pombe ya mtama kwa mirija kutoka mtungi mmoja. Anayevuta kwa nguvu hupunguza cha mwenzake bila kuugusa mrija wa mwenzake. Ndivyo ilivyo kwa hazina ya mafuta iliyolala pande zote mbili za mpaka. Na pale ambapo mpaka haujulikani, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kampuni hazitaki kutumbukiza mabilioni ya fedha katika kisima ambacho kesho mahakama inaweza kukikabidhi kwa serikali nyingine. Basi hutokea moja kati ya mambo mawili: ama mwenye nguvu huchimba, ama hachimbi mtu.

Mkataba wa 1982 ulijaribu kufungua mlango wa tatu. Vifungu vyake vya 74 na 83 vinayataka mataifa ambayo hayajaafikiana juu ya mpaka yajitahidi kuweka utaratibu wa muda wenye manufaa ya kivitendo, na vinaongeza kwamba utaratibu huo hautaathiri mpaka utakaokatwa mwishoni. Maneno hayo ya “bila kuathiri” ndiyo moyo wa mikataba yote ya namna hii. Bila hayo hakuna serikali ambayo ingethubutu kuketi mezani, kwa hofu ya kuonekana imekubali dai la mwenzake.

Wazo hilo lilikuwapo hata kabla ya 1982. Mwaka 1958 Bahrain na Saudia zilikubaliana kuhusu eneo la Abu Saafa: Saudia ichimbe, na nusu ya mapato halisi iende Bahrain. Na katika kesi ya Bahari ya Kaskazini ya mwaka 1969, jaji Philip Jessup aliandika kwa kirefu juu ya uchimbaji wa pamoja kama njia inayofaa pale madai yanapopandana. Kesi hiyo, tuseme kwa kupita, inatuhusu kwa sababu nyingine. Ujerumani, iliyokuwa katikati ya Denmark na Uholanzi kwenye pwani iliyopinda kuingia ndani, ililalamika kwamba mistari ya umbali sawa ingekutana mbele yake na kuiachia pembetatu ndogo tu. Mahakama ya Kimataifa ikasema kwamba kanuni ya umbali sawa haimlazimu kila mtu. Atakayeitazama ramani ya mdomo wa mto Kongo atatambua mara moja kwa nini tunaitaja.

Sasa tuje Timor. Mwaka 1971 na 1972 Australia na Indonesia zilikata mpaka wa sakafu ya bahari kati yao. Australia ilidai kwamba sakafu ya bara lake hufika hadi kwenye bonde refu la chini ya bahari lililo karibu na kisiwa cha Timor, na kwa sehemu kubwa Indonesia ilikubali. Lakini nusu ya mashariki ya kisiwa ilikuwa koloni la Ureno, na Ureno haikushiriki. Kwa hiyo mstari ulikatika mbele ya koloni hilo, ukaacha nafasi iliyo wazi. Tarehe 7 Desemba 1975 Indonesia iliivamia Timor ya Mashariki. Miaka kumi na minne baadaye, mwezi Desemba 1989, mawaziri Gareth Evans wa Australia na Ali Alatas wa Indonesia walitia sahihi mkataba wa kuichimba ile nafasi pamoja. Walitia sahihi ndani ya ndege iliyokuwa ikiruka juu ya bahari hiyohiyo, wakainua bilauri za shampeni. Eneo la katikati mapato yake yaligawanywa nusu kwa nusu. Watu wa Timor hawakuwa na kiti katika ndege hiyo.

Ureno ilikwenda mahakamani mwaka 1991. Tarehe 30 Juni 1995 Mahakama ya Kimataifa, kwa kura 14 dhidi ya 2, ilisema kwamba haki ya watu kujiamulia mambo yao ni haki inayowapasa mataifa yote kuiheshimu, lakini kwamba haiwezi kuhukumu, kwa kuwa Indonesia, ambayo matendo yake yangelazimika kupimwa, haikuwa mbele yake. Msomaji aliyesoma sheria ataona kwamba hoja hiyo ni sahihi kwa utaratibu. Msomaji wa kawaida ataona kwamba mwenye shamba alitajwa kwa heshima na shamba likaendelea kulimwa na wengine.

Baada ya kura ya maoni ya tarehe 30 Agosti 1999, ambapo asilimia 78.5 walichagua uhuru, hesabu zote zilibidi kuanza upya. Tarehe 20 Mei 2002, siku yenyewe ya uhuru, waziri mkuu Mari Alkatiri na John Howard wa Australia walitia sahihi Mkataba wa Bahari ya Timor: katika eneo la pamoja, asilimia 90 ya mapato kwa Timor na 10 kwa Australia. Mtu angeweza kusema huo ni ukarimu. Lakini hatuna budi kutazama mambo mengine mawili. Miezi miwili kabla, mwezi Machi 2002, Australia ilikuwa imeiondolea Mahakama ya Kimataifa mamlaka ya kuihukumu katika mashauri ya mipaka ya bahari. Na eneo lililogawanywa kwa 90 na 10 lilikuwa na kingo zilezile zilizochorwa mwaka 1989. Hazina kubwa ya gesi iitwayo Greater Sunrise, iliyo kilomita 150 hivi kutoka Timor na 450 hivi kutoka Darwin, ilihesabiwa kuwa ndani ya eneo hilo kwa asilimia 20.1 tu; asilimia 79.9 zilihesabiwa za Australia. Kwa hiyo tunapoambiwa kiwango cha mgawo, swali la kwanza liwe: mgawo wa kitu gani, kilichozungushiwa mstari na nani?

Swali la pili ni la bomba. Gesi ya Bayu-Undan, iliyokuwa ndani ya eneo la pamoja, ilipelekwa Darwin kwa bomba la kilomita 500 hivi, ikageuzwa kuwa majimaji kwa baridi na kupakiwa melini kuanzia mwaka 2006. Timor ilipata fedha, na kwa busara ikaunda mfuko wa akiba ya mafuta mwaka 2005, ambao hadi leo hubeba sehemu kubwa mno ya bajeti ya taifa. Lakini kiwanda, ajira, mafundi, bandari na kodi za shughuli za nchi kavu vilikuwa Darwin. Asilimia za mkataba huhesabu kinachotoka kisimani tu.

Mwaka 2006 zikaafikiana upya juu ya Greater Sunrise: mapato ya uchimbaji yagawanywe nusu kwa nusu, na kwa malipo ya hayo pande zote ziache kuzungumzia mpaka kwa miaka 50. Hapa ndipo tunapoona wazi kile tunachotaka msomaji akizingatie. Kipengele cha “bila kuathiri”, kilichobuniwa ili kulinda dai la kila upande, kilikuwa kimegeuzwa kuwa kufuli. Dai halikufa, lilifungiwa kwa nusu karne, na visima vya bahari havingoji nusu karne. Mikataba ya namna hii hugawanya wakati pamoja na mafuta. Nchi tajiri yenye visima vingine inaweza kungoja. Nchi iliyozaliwa jana, yenye watoto wengi na shule chache, haiwezi.

Timor ya Mashariki ilipata njia ya kutoka, na inafaa kueleza jinsi. Mwaka 2013 ilianza shauri mbele ya baraza la wasuluhishi ikitaka makubaliano ya 2006 yatanguliwe, ikidai kwamba mwaka 2004 maofisa wa ujasusi wa Australia walitega vinasa sauti katika ofisi za serikali mjini Dili wakati wa mazungumzo. Mwezi Desemba mwaka huohuo maofisa wa Australia walipekua ofisi ya wakili wa Timor mjini Canberra na kuchukua nyaraka. Machi 2014 Mahakama ya Kimataifa iliiamuru Australia izifunge nyaraka hizo na isiingilie mawasiliano ya Timor na mawakili wake. Kisha, Aprili 2016, Timor ikatumia utaratibu ulio ndani ya Mkataba wa 1982 ambao haukuwahi kutumiwa na yeyote: upatanishi wa lazima. Australia ilikuwa imejitoa katika hukumu za mahakama, lakini haikuweza kujitoa katika kupatanishwa. Tume ya watu watano chini ya Peter Taksøe-Jensen wa Denmark ilifanya kazi chini ya miaka miwili, na tarehe 6 Machi 2018 mkataba wa mpaka ulitiwa sahihi New York, ukaanza kufanya kazi tarehe 30 Agosti 2019.

Mpaka huo hufuata kwa sehemu kubwa mstari wa kati. Mgawo wa Greater Sunrise umefungamanishwa na bomba: Timor itapata asilimia 70 ya mapato ya serikali mbili ikiwa gesi itapelekwa Timor, na 80 ikiwa itapelekwa Australia. Yaani kwa mara ya kwanza kiwanda cha nchi kavu kilipewa bei, nayo ni asilimia 10. Bomba la kwenda Timor lingepaswa kuvuka lile bonde la bahari lenye kina cha mita 3,000 hivi, na mabishano juu ya jambo hilo yameifanya gesi hiyo ibaki chini. Bayu-Undan nako uchimbaji ulikoma mwaka 2025. Kuna na jambo jingine dogo ambalo wachache hulitaja. Upande wa magharibi, mkataba wa 2018 uliacha kipande cha mstari kiwe cha muda: kinaweza kusogezwa kwa faida ya Timor baada ya Timor na Indonesia kukubaliana mpaka wao, na baada ya visima vya Laminaria na Corallina, vilivyochimbwa na Australia tangu 1999, kumalizika. Tena hapana fidia kwa yaliyokwisha kuchimbwa. Mpaka utasogea mafuta yakiwa yamekwisha.

Kwingineko tutapita haraka. Malaysia na Thailand ziligombania pembe ya Ghuba ya Thailand kwa sababu ya jiwe dogo liitwalo Ko Losin, ambalo Thailand ililitumia kupimia mstari wake na Malaysia ikalikataa. Zikaafikiana mwaka 1979 kugawana nusu kwa nusu, zikaunda mamlaka ya pamoja mwaka 1990, na gesi ya kwanza ikatoka mwaka 2005. Miaka ishirini na sita. Na huo ndio mfano ambao wote husifu. Japani na Korea ya Kusini zilitia sahihi mwaka 1974 mkataba wa miaka 50 ulioanza kufanya kazi mwaka 1978, na hapajapatikana mafuta ya kufaa biashara. Senegal na Gine-Bisau ziligawana samaki nusu kwa nusu mwaka 1993, lakini mafuta asilimia 85 kwa 15; asilimia hizo zilirekebishwa mwaka 2000 zikawa 80 kwa 20. Nijeria na São Tomé na Príncipe, mwaka 2001, zilikubaliana 60 kwa 40 kwa miaka 45, chini ya mamlaka yenye makao Abuja. Kampuni zililipa fedha nyingi za kuingilia, zikachimba visima vya majaribio, na uzalishaji wa biashara haukuja. Kinyume chake, Kenya na Somalia zilichagua njia ya hukumu, au tuseme Somalia iliichagua: Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ilikata mstari ambao Somalia iliupokea na Kenya ikaukataa.

Hata maziwa yetu yamelijua jambo hili. Zaire na Uganda ziliafikiana mwaka 1990 juu ya kutafuta mafuta pamoja katika Ziwa Albert na kuchimba kwa ushirika hazina zitakazovuka mpaka. Hata hivyo, Agosti 2007 watu walipigwa risasi ziwani na kufa, na kisiwa kidogo cha Rukwanzi kikatajwa duniani kote. Marais wakakutana Ngurdoto, Tanzania, Septemba mwaka huohuo ili kutuliza moto. Mkataba uliokaa kwenye kabati haumzuii askari aliye ndani ya mtumbwi.

Mwaka huohuo wa 2007, mwezi Julai, Kongo na Angola zilitia sahihi mjini Luanda mkataba wa eneo la masilahi ya pamoja. Msomaji akumbuke mahali tulipoanzia. Nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa 1982: Zaire iliuridhia mwaka 1989 na Angola mwaka 1990. Mistari ya umbali sawa, ikichorwa kutoka Kabinda upande mmoja na kutoka kusini ya mto upande wa pili, huifungia Kongo kama Ujerumani ilivyohofia kufungiwa, nje ya maili 200 ambazo kila taifa la pwani hutazamia. Wakati huo vitalu vya Angola vilivyo mbele vilikuwa vinazalisha: kisima cha Kuito katika Kitalu cha 14 kilianza kutoa mafuta mwishoni mwa 1999, wakati Kongo ilipokuwa katikati ya vita ambamo Angola ilikuwa mshirika wa serikali ya Kinshasa. Kwa maoni yetu ukweli huo unaeleza mengi kuhusu ukimya wa miaka ile. Ni vigumu kumdai mpaka jirani ambaye majeshi yake yanakushikilia.

Mkataba wa 2007 ulichagua ukanda mwembamba, ukaacha swali la mpaka lilipo. Mwaka 2009 Bunge la Kongo lilipitisha sheria ya mipaka ya bahari, na serikali ikapeleka New York taarifa za mwanzo kuhusu sakafu ya bara, ishara kwamba dai halikuachwa. Lakini kuhusu uchimbaji wa pamoja, makubaliano ya utekelezaji pamoja na kampuni ya Chevron, yanayohusu Kitalu cha 14, yalikuja mwaka 2023. Ni miaka kumi na sita. Katika miaka hiyo uzalishaji wa Angola ulifika kilele mwaka 2008, karibu mapipa milioni 2 kwa siku, kisha ukashuka hadi milioni 1 na kidogo. Visima vya kina kirefu huzeeka upesi, na mgawo wa kisima kilichozeeka si mgawo wa kisima kichanga, hata asilimia zikiwa zilezile. Tofauti yetu na Timor ni kwamba hatukuwekewa kufuli ya miaka 50 kwa maandishi. Tuliichelewesha saa sisi wenyewe, pamoja na jirani ambaye ucheleweshaji haukumdhuru.

Na swali la bomba? Mto wetu umechimba korongo refu la chini ya bahari linaloanzia ndani ya mdomo wake wenyewe, na kwa muda mrefu korongo hilo lilizuia gesi ya vitalu vya Kabinda kuvushwa kusini. Wahandisi walilipita kwa kutoboa chini yake. Gesi ya Kitalu cha 0 na cha 14 hupita humo, mbele ya pwani ya Banana na Moanda, hadi kiwanda cha Soyo upande wa Angola, ambacho kilipakia meli yake ya kwanza mwaka 2013. Kwa hiyo, wajumbe wa pande mbili walipoketi Kinshasa mwaka 2023, kiwanda kilikuwa tayari kimejengwa na bomba limekwisha kulazwa, na vyote viwili viko ng'ambo.